Sindano Kabla ya Mjomba

Watu wa Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi, wakitaka kueleza habari za Keren, wanaanza na mume wake aliyekufa. Mimi naanza na kichwa chake kigumu, maana ni mimi niliyekizaa. Naitwa Constance, nashona nguo karibu na soko, na Keren ni mtoto wangu wa pili. Kazi yake ni kusuka nywele. Nyinyi mnaokaa kule Golf, kwenye nyumba za wenye pesa, mnaijua mikono yake hata kama hamjui jina, kwa sababu vichwa vingi mnavyovisifia harusini vimesukwa na yeye, hapa hapa kwenye vumbi letu. Najisifu? Ndiyo, najisifu! Mtoto akiharibu, wote wanasema "mtoto wa Constance". Basi siku akifanya vizuri niacheni niseme mwenyewe.

Alichelewa sana kusema. Ndugu za baba yake, Baluba wa Kabalo, watu wa reli ambao midomo yao haijui kufungwa, waliniuliza kama mtoto anasikia. Anasikia kuliko wao! Ila analishika neno mdomoni kama mtu aliyetia bukari, ugali wetu, ya moto, mpaka ipoe. Akilitoa, hulirudishi tena. Alipokuwa msichana nilimwambia asiolewe na Alphonse. "Huyu kijana anacheka sana," nilimwambia, "tena anapenda lutuku." Akanyamaza wiki nzima, kisha akasema, "Mama, nitaolewa naye." Sababu hakunipa hata moja. Wakafunga ndoa kanisani, na gauni nililishona mimi huku nimenuna.

Lakini haki ya mtu nimpe. Alphonse alikuwa mume mwema. Aliziba matairi pale kwenye barabara kubwa, aliwapenda watoto wake, na alimchekesha Keren, kazi ambayo mimi mama yake ilinishinda. Shida ni jioni. Jioni alipita kwa mama Bijou, jirani yao, aliyekuwa akiuza lutuku uani kwake, ile pombe yetu ya kuchemsha, nyeupe kama maji na kali kama pilipili. Alphonse alikaa pale, akanywa, na huku anawatania wateja kwamba mama Bijou anatia maji ya betri ndani ili pombe ipate nguvu. Kila jioni utani uleule. Wateja wengine wakaanza kuogopa kweli. Siku moja mama Bijou akachoka, akamnyooshea kijiko mbele ya watu wote: "Weye Alphonse, ulimi yako itakuua!"

Nani kati yetu hajatoa neno kama lile? Mimi kwa mdomo nimeua watu wengi kuliko malaria. Ila mimi wangu wote wako hai. Alphonse, siku chache baada ya neno lile, alirudi kutoka kwa mama Bijou akilalamika kichwa, akalala, na asubuhi Keren akamgusa, akakuta amepoa. Mungu wangu, ile asubuhi siwezi kuieleza.

Sasa lazima mjue desturi, la sivyo hamtaelewa kitu. Sisi watu wa Kabalo tunafuata upande wa baba. Lakini Alphonse alikuwa mtu wa Kilwa, kule kando ya ziwa Mweru, na wao wanafuata mama. Kwao mjomba ndiye mwenye mtu. Kama mjomba hajafika, hakuna wa kugusa udongo. Na mjomba mwenyewe, mzee Kasonde, fundi wa mitumbwi, alikuwa Kilwa katikati ya mvua, na njia ya Kilwa wakati wa mvua ni mateso, lori linazama mpaka mlangoni. Akapiga simu: "Niko nakuja. Mutoto yangu asizikwe mbele nifike." Nani angethubutu?

Kaka mkubwa wa Alphonse, Guelord, ndiye aliyeshika mambo ya kilio. Maiti ilikuwa imelazwa katika chumba cha baridi ambacho baridi yake ilikuja na kuondoka pamoja na umeme. Guelord akaona mjomba anakawia na joto linazidi, akaita mtu wa sindano ya formole, ile dawa ya kuzuia maiti isioze. Lubumbashi nani asiyeijua formole? Ukiingia kwenye kilio macho yakaanza kuchoma, unajua marehemu anamngojea mtu wa mbali. Hatufanyi kwa ubaya. Tunafanya kwa heshima, ili mwenye mtu amkute mtu wake na uso wake. Mimi saa ile nilikuwa kwenye masufuria pamoja na wanawake wengine. Keren alikuwa kule, mlangoni, ameshika shati la mume wake, akingoja wamalize amvalishe.

Mzee Kasonde akafika na tope mpaka magotini. Alilia mpaka sisi tuliokwisha kulia tukaanza upya. Alipotulia akauliza, "Huyu mutoto alikuwa muzima. Nani alimupatia kintu ya mwisho ku kinywa?" Wakamjibu: mama Bijou. Wakamsimulia na lile neno la ulimi. Mzee akasema hazikwi mtu mpaka serikali ichukue damu, akaenda mwenyewe kwa mwendesha mashtaka, na viatu vyake vya tope. Akatumwa daktari mmoja, akachukua damu na vitu vingine vya ndani, vikapelekwa mbali kwenye mashine ambazo sisi hatuna. Ndipo tukazika.

Majibu yalichukua miezi. Yalipokuja yalisema: methanoli. Hiyo ni pombe ya sumu, wakatueleza, si ile ya kunywa, inaharibu macho na inaua. Mama Bijou akakamatwa siku ileile. Katuba yote ikasema, "Lisemwalo lipo." Na mimi nikasema, tena kwa sauti. Mtoto wangu mjane, wajukuu wangu yatima, mlitaka niimbe? Keren peke yake hakufungua kinywa. Nikadhani ni uchungu.

Siku ya kesi hata madirishani watu walijazana. Hakimu mkuu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, wote wakimwita mama prezida, na mahakimu wenzake wawili wakiwa kando yake. Mama Bijou akaletwa. Alikuwa amekonda hata kitenge hakimkai. Shtaka lilikuwa kuua kwa sumu, na kwa kosa hilo sheria yetu inataja kifo. Hakuna aliyekuwa mle ndani bila kujua.

Wakaja mashahidi wa ulimi, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiongeza kijiko chake, mpaka kile kijiko cha mama Bijou kikawa kisu. Mama prezida akauliza bidoni, lile dumu la lutuku, liko wapi, lipimwe. Lilikuwa limekamatwa, wakasema, lakini sasa halionekani. Akauliza waliokunywa pamoja na Alphonse jioni ile. Walikuwepo, wazima, kesho yake walikwenda kazini. Mmoja akasema yeye macho yake yana ukungu tangu kunywa pale. "Tangu lini hasa?" mama prezida akamuuliza. "Tangu mwaka juzi," akajibu. Watu wakacheka, hata askari.

Kisha akaitwa dokteri Stéphane, na kicheko kikaisha. Kijana wa shati safi, anayesema polepole. Alisema kwa Kifaransa, na mtu mmoja akatutafsiria: methanoli iliyokutwa ilikuwa nyingi, kiasi cha kumuua mtu. Ukumbi mzima ukaguna. Mama Bijou akashika ukingo wa benchi. Mimi moyoni nikasema, imekwisha, tumempata.

Mama prezida hakuguna. Akauliza, "Dokteri, maiti uliiona kwa macho yako?"

"Hapana. Aliyechukua vipimo amehamishwa mji mwingine. Mimi nimesoma majibu ya maabara."

"Methanoli inaweza kuingia katika mwili kwa njia gani nyingine?"

Dokteri akafikiri. Akataja pombe iliyochemshwa vibaya, akataja dawa za kuyeyushia rangi. Akatazama karatasi zake, na nikaona uso wake umebadilika. "Kuna formole pia," akasema. "Wanaitengeneza na methanoli ndani yake, isiharibike. Kama maiti ilipigwa sindano kabla ya damu kuchukuliwa, siwezi kutenganisha iliyotoka kwenye kikombe na iliyotoka kwenye sindano. Hakuna anayeweza."

"Na hii ilipigwa?"

"Karatasi niliyopewa haisemi ndiyo wala hapana. Na mimi sikuuliza."

Nampenda yule kijana kwa neno lile, "sikuuliza". Wangapi wangelisema mbele ya umati?

Mama prezida akavua miwani, akaacha Kifaransa, akageukia benchi letu na Kiswahili cha hapa hapa. "Famiye ya marehemu, sikieni. Mbele damu yake itoke, balimupiga formole?"

Mzee Kasonde akasimama kwanza. "Miye nilifika nyuma, mama. Nilimukuta mu sanduku. Muulize bale balikuwa hapa."

Guelord akasimama. "Hapana, mama prezida. Alikuwa mu baridi tu."

Msimtukane Guelord kwanza. Alimpenda mdogo wake. Alikuwa amemsikia dokteri kama sisi sote, na alielewa upesi kwamba sindano ile ikitajwa, sumu inabaki inaelea, haina mwenyewe, na mama Bijou anakwenda nyumbani. Neno moja dogo, na kesi ya mdogo wake inasimama. Mtu wa sindano alikwisha hamia Kolwezi. Sisi wengine harufu tuliijua, lakini kama alipigwa kabla ya damu au baada yake, nani aliyekuwa kule ndani? Guelord. Na Keren.

Nilikuwa nimekaa karibu naye. Nikahisi anainuka. Nikamshika kitenge, nikamvuta, ee, nilimvuta, mama gani asingevuta? "Ikala," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Ikala, Keren! Uko na batoto mu nyumba ya bale bantu!" Maana nyumba ile ni ya ukoo wa mume wake, na anayeukosesha ukoo haki ya damu yao atalala wapi kesho? Akanishika mkono, akautoa kwenye kitenge chake bila hasira, akasimama.

"Balimupiga," akasema.

Mama prezida akamwambia asogee mbele, aseme jina lake, aape. Keren akaapa. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka.

"Nilikuwa pa mulango. Nilishika shimisi yake. Guelord aliita muntu wa formole, akamupiga, njo miye nikamuvalisha. Mujomba alikuwa angali mu njia. Ile siku alifika, njo batu ba serikali bakakuja kukamata damu."

"Unajua haya maneno yako yanamsaidia nani?"

"Najua, mama."

Mwendesha mashtaka akaruka juu. Uso umemwiva. Akamuuliza kama anataka mwuaji wa mume wake arudi nyumbani kuuza pombe. Wengine nyuma wakapiga kelele, "Balimununua! Balimununua!" Nikageuka kumtafuta aliyesema, na bahati yake sikumwona.

Keren akamngojea mwendesha mashtaka amalize. Kisha akalitoa neno lake, lile la moto lililokuwa limekaa mdomoni miezi yote ile: "Miye nataka kujua nani aliua bwana yangu. Kushinda mweye bote. Kama munajua, muniambie. Lakini musiniambie na sindano yetu."

Aisei! Nimesikia mahubiri, nimesikia wanasiasa na vipaza sauti vyao. Sijasikia kitu kama kile. Nilianza kulia na sikujificha.

Mama prezida akamrudia dokteri. Dokteri Stéphane akasema mbele ya wote kwamba anaondoa maneno yake ya kwanza. Kwamba Alphonse alikunywa sumu, hawezi kusema. Kwamba hakunywa, hawezi kusema vilevile. Kilichobaki ni neno la ulimi, bidoni lililopotea na macho ya ukungu ya mwaka juzi. Siku ya hukumu, mahakimu walisema ushahidi huo hautoshi kumfunga mtu, sembuse kumuua, na shaka ikiwepo ni ya mshtakiwa. Mama Bijou akaachiliwa.

Nje, watu wa ukoo walisimama wakimngojea mzee Kasonde aseme, maana yeye ndiye mwenye mtu. Keren alikuwa pembeni na watoto wake, peke yao, kama watu wanaongoja basi. Nikasimama mbele yao. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nawaambia, mkasi wa kazi ulikuwa mfukoni.

Mzee hakumtazama Keren. Alimtazama Guelord. "Ile sindano mulimupiga juu ya nani?"

"Juu yako, mujomba," Guelord akasema, na sasa alikuwa analia. "Tulikuwa tunakungojea."

Mzee akakaa kwenye ngazi. Mtu alikuwa amevuka tope lote lile kuja kuidai haki ya mtoto wake, kumbe haki yenyewe ilikwisha haribika kwa kumngojea yeye. Nikamhurumia, na mimi si mwepesi wa kuhurumia. Alikaa pale mpaka wengine wakaanza kuondoka. Alipoinuka akasema, "Bibi ya mutoto yangu asitoke mu ile nyumba. Muntu asimuguse." Akaenda zake. Kesho yake alipanda lori la Kilwa bila kumuaga mtu.

Basi Keren anakaa mle mpaka leo. Siwaambii kwamba ilikuwa rahisi. Guelord akipita hamsalimu. Wateja wake wengine walihama, wakasema hawawezi kumpa kichwa chao mwanamke aliyemtetea mwuaji wa mume wake. Walikaa huko miezi, wakasukwa ovyo, wakarudi wamefunika nywele na vitambaa. Aliwasuka. Hakuwauliza kitu. Mimi ningewauliza!

Na siku hizi, ugomvi ukitokea kwenye barabara yetu, ukuta umebomoka, mtu kamtukana mwenziwe, pikipiki imegonga, wanakwenda mlangoni kwake: "Keren, uliona?" Akisema aliona, kesi imekwisha. Akisema hakuona, hakuna anayemsukuma. Mimi mwenyewe ananisumbua. Juzi nilikuwa namwambia mteja kwamba kitenge kile kimetoka Uholanzi, Keren akakohoa. Kukohoa tu! Mteja akakirudisha mezani. Nilimtukana mpaka jioni, na usiku ule nililala nikicheka.

Lakini kuna Jumamosi moja ambayo sitaisahau. Keren alikuwa anamsuka msichana mmoja mlangoni, mimi nimekaa kando napinda marinda ya sketi. Mama Bijou akaja. Tangu atoke gerezani hakuwa amevuka kizingiti kile. Alileta kuku amefungwa miguu, akamweka chini, na mama mzima yule, mwenye wajukuu, akapiga magoti kwenye vumbi, akaanza: "Keren mutoto wangu, Mungu akubariki, weye uliona kama miye sina kosa..."

"Mama Bijou, simama," Keren akasema. Mikono yake ilikuwa bado kwenye nywele. "Hapana kunishukuru. Miye sikusema kama haukumuua. Nilisema ile niliona. Ile ingine siijui. Ni weye njo unaijua."

Mama Bijou akabaki pale chini, mikono kwenye mapaja, akimtazama Keren. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

"Sikumuua," akasema.

Keren naye akamtazama. Nilimzaa mimi, lakini usoni mwake siku ile sikusoma kitu, isipokuwa alikuwa amechoka na alikuwa anamkumbuka mume wake.

"Nimesikia, mama," akasema.

Akamwinua kwa mkono mmoja, akamsogezea kigoda, akarudi kwenye nywele za mteja. Mama Bijou akakaa. Mimi nilijaribu kunyamaza kama wao, nikashindwa, nikamwinamia yule msichana, ambaye hakuwa ameniuliza chochote, nikamwambia: "Huyu ni mtoto wangu."